Shajara ya mradi: vifuko vya seli nyekundu na pumzi inayokatika usingizini, Mbeya

Jumanne, 6 Mei 2025

Kibali cha maadili kimetoka, kwa hiyo shajara inaanza rasmi. Nitaandika panapokuwa na jambo, si kila siku. Wenzetu wa Iringa na Njombe wameshaanza kuulizia, na ni nafuu wasome hapa kuliko kunipigia simu usiku.

Kwa asiyelijua swali letu: mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini huzibwa njia ya hewa kooni akiwa amelala. Misuli inalegea, hewa haipiti, oksijeni ya damu inashuka, ubongo unamzindua nusunusu, anavuta hewa kwa kishindo, oksijeni inapanda, na muda si mrefu mambo yanarudi yale yale. Pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi linahesabiwa tukio. Matukio 5 kwa saa yanatosha kumwandikia mtu ugonjwa. Yakifika 15 ni wa wastani, 30 ni mkali. Asubuhi mwenyewe hakumbuki kitu, ila kichwa kinauma, mchana anasinzia, na wakati mwingine presha yake haishuki hata akipewa dawa za aina tatu.

Adha ya usiku huo inaipata seli nyekundu. Haina kiini, kwa hiyo ikiharibiwa haiwezi kujitengenezea protini mpya. Inaishi siku 120 hivi, na katika muda huo inapoteza karibu sehemu ya tano ya ujazo wake kwa kumega utando wake kidogokidogo na kuuachia kwenye damu. Vipande hivyo vinajifunga na kuwa vifuko, vingi vikiwa na upana wa nanomita 100 hadi 200, na ndani yake mna himoglobini. Himoglobini ikiwa ndani ya seli nzima inapita katikati ya mshipa bila kuudhi mtu. Ikiwa kwenye kifuko inasogea hadi ukutani na kuinyakua naitriki oksaidi, ile gesi inayolegeza mishipa, ambayo waliogundua kazi yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Gesi ikinyakuliwa, mshipa unabana.

Kumega ni jambo la kawaida. Hata mwenye afya njema anamega. Tunachouliza ni kama usiku wa kukatika pumzi unazidisha, na tutamlinganisha mtu na nafsi yake: damu ya jioni kabla hajalala, damu ya alfajiri akiamka. Sitaki kumlinganisha dereva wa lori na mwalimu wa mtaa wa Soweto hapa Mbeya. Wanatofautiana chakula, uzito, moshi wanaovuta na dawa wanazomeza, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kugusa seli nyekundu.

Jumatatu, 19 Mei

Tumeanza na madereva wa malori ya njia ya Tunduma wanaopumzika Uyole. Tunatumia dodoso la STOP-Bang, lililotoka Toronto na kuchapishwa mwaka 2008. Lina maswali manane tu: kukoroma, uchovu wa mchana, pumzi kuonekana ikisimama, presha, uzito, umri zaidi ya miaka 50, shingo zaidi ya sentimita 40, na kama mtu ni mwanamume. Ndiyo tatu zinatosha kumtilia mtu shaka.

Maswali saba yanakwenda vizuri. La pumzi kusimama halijibiki, maana dereva mwenyewe amelala na mke yuko nyumbani Makambako au Dar, anamwona mara chache kwa mwezi. Aliyetukwamua ni utingo mmoja aliyekuwa ameegemea tairi akisikiliza mahojiano. Akasema bila kuulizwa: "Bosi akilala chali, kabini yote inanguruma. Halafu kimya. Kimya mpaka na mimi najikuta nimebana pumzi. Ikizidi namtikisa mguu." Dereva alicheka, kisha akamgeukia: "Na hujawahi kuniambia?" Kijana akainamisha kichwa. "Shikamoo bosi, ningeanzaje?"

Kuanzia kesho utingo anaulizwa pembeni, kwa ruhusa ya bosi wake. Kwa maoni yangu ushahidi wake una uzito kuliko tepu yetu ya kupimia shingo.

Wanachoogopa wengi ni majibu kumfikia mwajiri na leseni kuingia mashakani. Tumewaandikia kwamba hayatatoka kwetu. Mmoja, baada ya kulisoma hilo mara mbili, ndipo akatuambia kwamba aliwahi kusinzia kwenye kona za Kitonga mchana kweupe.

Jumanne, 3 Juni

Mkutano wa mtaa, kwa ajili ya washiriki wasio madereva. Nilijua neno mumiani litatajwa, sikujua kama litatajwa kwa ustadi ule. Mzee mmoja alisimama, akatusalimu vizuri, akasema: "Wanangu, damu ya jioni mnachukua, ya alfajiri mnachukua. Ya mchana mnamwachia nani?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Nikamwambia, "Baba, kila mara ni mililita chache, haifiki vijiko viwili vya chakula." Akasema vijiko si tatizo, tatizo ni inakokwenda baada ya hapo. Daktari wetu akafanya jambo la maana: akamwalika maabara yeye na mwenyekiti wa mtaa, waje waone wenyewe.

Walikuja alasiri. Mzee aliitazama sentrifyuji, mashine ya kuzungushia damu, ikizunguka, akauliza kama damu haivunjiki humo ndani kwa kasi ile. Hilo ndilo swali ambalo mhakiki yeyote wa mradi huu angeanza nalo. Akaondoka na "ndaga" nyingi, yaani asante, na jina lake liko kwenye orodha ya washiriki.

Alhamisi, 12 Juni

Maandishi ya leo ni marefu, kwa sababu hapa ndipo mradi unaposimama au kuanguka.

Kifuko tunachokitafuta mwilini kinaweza kutengenezwa na sisi wenyewe kwenye tyubu. Sindano nyembamba inakwangua seli. Tyubu ikitikiswa, seli zinamega. Damu ikikaa inamega. Ndiyo maana chupa za benki ya damu zinajaa vifuko kadiri zinavyozeeka kwenye jokofu. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, ni tabu zaidi, zikiguswa tu zinaachia vifuko vyake. Peter Wolf alipovieleza mwaka 1967 aliviita vumbi la chembe sahani, na kwa miaka mingi vilichukuliwa hivyo hivyo, uchafu wa kufagia.

Taratibu za kimataifa ziko wazi: sindano ya geji 21 au nene zaidi, tyubu ya sitreti (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha bluu, mililita za mwanzo zisitumike kwa vifuko, tyubu isimame wima, izungushwe mara mbili kwa nguvu ya 2,500 g (mara 2,500 ya uvutano wa dunia) dakika 15 kila mara, kisha plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, iende kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa ikifikiria bodaboda.

Kwa hiyo tulijaribu. Mwenzangu wa maabara alijitolea mkono, tukajaza tyubu mbili kwa mchomo mmoja. Moja ilibaki wima kwenye kishikizo mezani. Nyingine ilifungwa kwenye kisanduku, ikapanda bodaboda hadi Mwanjelwa na kurudi, kupitia ile barabara ya vumbi nyuma ya soko. Zikazungushwa pamoja. Plazma ya mezani ilikuwa ya manjano safi. Ya bodaboda ilikuwa na rangi ya waridi, kidogo tu. Ukiishika peke yake usingeijua, ukiziweka sambamba mbele ya dirisha inaonekana. Kwenye mashine ya flosaitometri, inayohesabu chembe moja moja kwa mwanga, tofauti haikuhitaji macho makali: alama za glaikoforini A, protini inayotutambulisha kwamba kifuko kimetoka kwenye seli nyekundu, zilikuwa nyingi zaidi kwa wazi katika ile iliyosafiri.

Uamuzi: sampuli haisafiri, sentrifyuji ndiyo inayosafiri. Tuna ndogo ya mezani, inaingia kwenye buti la gari. Atakayelala nyumba ya wageni Uyole, damu yake itazungushwa Uyole.

Jambo jingine la leo, kwa mafundi. Kuona vifuko vilivyogeuza mafuta ya ndani ya utando kuwa nje tunatumia protini iitwayo aneksini V, nayo haishiki bila kalsiamu. Sitreti kazi yake ni kuikamata kalsiamu. Ukiongeza kalsiamu ovyo, plazma inaganda mbele ya macho yako. Bafa ya kalsiamu iwekwe kwa kipimo, na plazma iwe imechujuliwa kwanza. Kisha mwisho wa kila mfululizo tia sabuni kali ya maabara kwenye sampuli ile ile: kilichokuwa kifuko kinayeyuka na alama zake zinapotea. Zisipopotea, ulikuwa unahesabu takataka.

Ijumaa, 13 Juni

Umeme umekatika usiku. Friza imeshikilia baridi, jenereta iliwaka kwa wakati. Naandika tu ili iwe kwenye kumbukumbu.

Ijumaa, 27 Juni

Baridi. Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mlima Loleza hadi chini, na washiriki wanakuja na makoti mawili.

Hatuna maabara kamili ya usingizi yenye waya kichwani na kifuani. Tunatumia oksimita ya kidole inayohifadhi kumbukumbu ya usiku mzima, halafu tunahesabu mara ambazo oksijeni ilishuka kwa asilimia 4 au zaidi. Inatosha kwa swali letu, maana tunachofuatilia ni huo mshuko wenyewe. Lakini oksimita inasoma mapigo ya damu kidoleni, na kidole cha mtu wa Mbeya mwezi Juni ni barafu. Mistari ya usiku wa kwanza ilikuwa na mapengo kila saa. Sasa mshiriki analala na glovu ya sufu juu ya kihisio, na mkono ndani ya blanketi. Mama mmoja alikuwa na hina vidoleni, tukatumia ncha ya sikio.

Kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba oksimita hizi hukosa kuuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Hapa washiriki wote ni weusi. Kwa hiyo namba moja peke yake, mathalani 91, siiamini sana. Naamini umbo la mstari: unashuka taratibu, unaruka juu ghafla, unashuka tena. Msumeno huo haubadiliki kwa rangi ya ngozi.

Na tuko mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la oksijeni hapa ni pungufu kuliko Dar, na damu inakaa karibu zaidi na ukingo ambapo kushuka kidogo kwa shinikizo kunaleta mporomoko mkubwa wa oksijeni. Pumzi ikisimama kwa muda ule ule, mtu wa Mbeya anaweza kushuka zaidi kuliko mtu wa Temeke. Hii ndiyo sababu yangu ya kutaka kazi hii ifanyike nyanda za juu, ingawa wafadhili wangependa tungekuwa karibu na uwanja mkubwa wa ndege.

Alhamisi, 10 Julai

Wiki hii nimesoma kuliko nilivyofanya kazi, na kusoma kumetuharibia ratiba.

Tulikuwa tunatoa damu ya alfajiri kwa utulivu: mshiriki anaamka, ananawa uso, anakunywa maji, anakaa, tunatafuta mshipa. Sasa, majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba vifuko vya seli nyekundu vikiingizwa kwenye damu, seli za Kupffer za kwenye ini zinavifagia vingi ndani ya dakika chache. Mtu si panya. Lakini kama ini la binadamu lina hata nusu ya bidii hiyo, vifuko vya tukio la saa tisa usiku vilishakwenda zamani, na huyu anayenawa uso anatuletea damu ya mtu aliyeamka.

Linatoka hapo jambo ambalo makala nyingi zinalipita kwa haraka. Idadi kwenye tyubu ni tofauti ya kinachozalishwa na kinachoondolewa. Mtu akionekana na vifuko vingi, huenda seli zake zinamega sana. Huenda pia ini lake linachelewa kufagia. Na wengi wenye kukatika pumzi ni wanene, na wanene wengi wana mafuta kwenye ini. Ukiwapanga wagonjwa upande huu na wazima upande ule, ukakuta wagonjwa wana vifuko vingi, hujajua kama umepima usingizi au umepima ini. Mtu akilinganishwa na nafsi yake, ini la jioni ndilo ini la alfajiri. Nilikuwa napendelea mpango huu kwa sababu nyingine, sasa nina sababu bora.

Mabadiliko: kanula ndogo (mrija unaoachwa mshipani) inawekwa jioni, na alfajiri muuguzi anatoa damu mtu akiwa bado kitandani, kabla hajakaa, mara tu saa ya kumwamsha inapolia. Mililita za kwanza zenye maji ya kusafishia kanula zinamwagwa. Muuguzi wetu wa zamu amelipokea hili kwa uso ambao sitauelezea. Nimemwahidi chai ya tangawizi na chapati kila asubuhi, kwa fedha yangu.

Daktari ameuliza kwa nini tusitoe damu saa tisa ile ile ya usiku, wakati msumeno umechachamaa. Ningependa sana, lakini atakayechomolewa damu usingizini ataamka, na tukio litaishia hapo.

Alhamisi, 24 Julai

Kyela imeondolewa kwenye mradi. Wazo lilikuwa zuri: kushuka kutoka mita 1,700 hadi ziwani, chini kidogo ya mita 500, kwa safari ya asubuhi moja, upate watu wenye asili moja wanaolala kwenye hewa mbili tofauti. Tatizo ni malaria. Seli nyekundu yenye vimelea inaachia vifuko kwa wingi, na tangu 2013 inajulikana kwamba vimelea vinavitumia kupelekeana taarifa. Kyela malaria ni ya kudumu. Mtu anaweza kuwa na vimelea bila homa na kipimo cha haraka kisione. Mjini Mbeya ni kidogo, na hata hivyo tunampima kila mmoja.

Selimundu nayo ni hivyo hivyo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi wenye ugonjwa huo, na anayebeba kinasaba kimoja mara nyingi hajijui. Hatumwachi nje, tunaandika tu hali yake pembeni ya jina la siri. Tafiti nyingi za vifuko na usingizi zinatoka Marekani na Ulaya, ambako mambo haya mawili hayamsumbui sana mtafiti. Huku ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nane Nane. Nyumba za wageni zote zimejaa, hakuna pa kulaza mshiriki. Tumesimama mpaka watu wa maonyesho waondoke.

Alhamisi, 21 Agosti

Jozi za kwanza za damu ya jioni na ya alfajiri zimepita kwenye mashine. Ni chache, na sitatoa namba hapa mpaka mtakwimu azione. Naandika nilichokiona kwenye skrini.

Kwa wenye msumeno mkali, nukta za glaikoforini A za alfajiri zimepanda juu ya zile za jioni katika jozi nyingi. Kwa wakoromaji ambao oksijeni yao haikushuka, jioni na alfajiri karibu ni sawasawa. Dereva mmoja, ambaye msumeno wake ni mbaya kuliko wote, alfajiri yake imeshuka chini ya jioni. Mwenzangu alitaka tumrudie, labda kanula ilisumbua. Nimekataa. Tukimrudia yule tu asiyetupendeza, tutakuwa tumechagua majibu. Anabaki kama alivyo.

Ikumbukwe pia kwamba mashine yetu ilinunuliwa kwa kazi ya kuhesabu CD4, seli za kinga za wenye VVU. Vifuko vidogo kabisa haivioni. Tunahesabu wakubwa wa ukoo.

Mjadala wa mchana ulikuwa kuhusu CPAP, ile mashine inayopuliza hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Colin Sullivan wa Sydney aliitangaza mwaka 1981, na miaka zaidi ya 40 baadaye bado ndiyo tiba kuu. Inaondoa kusinzia, hilo halina ubishi. Kwenye moyo ndipo pagumu: utafiti mkubwa uitwao SAVE, wa mwaka 2016, uliwafuatilia watu zaidi ya 2,600 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo, na CPAP haikupunguza mashambulio mapya wala vifo vya moyo. Wastani wa kuivaa ulikuwa saa 3.3 kwa usiku. Wengine wanasema dawa isiyomezwa haiponyi. Wengine wanasema kuna kitu kwenye damu kinachoendelea kuumiza mshipa hata pumzi ikitulia, na hapo ndipo vifuko vinapoingia. Kundi la akina Abdelnaby Khalyfa na David Gozal huko Marekani limechukua vifuko vya damu ya wagonjwa, likavimimina juu ya seli za ukuta wa mshipa zilizooteshwa maabara, na seli hizo zikadhoofika. Jaribio hilo linauliza vifuko vinafanya nini. Sisi kwa sasa tunauliza viko vingapi, na kwa vifaa tulivyonavyo tutaishia hapo.

Tuna mashine mbili za CPAP za kuazima. Mzee wa swali la sentrifyuji amekubali kuwa wa kwanza, msumeno wake unatosha kabisa. Ameuliza tu kama barakoa itamruhusu kusali alfajiri kabla ya kuivua, na umeme ukikatika usiku itakuwaje. La sala tumemjibu: aivue, asali. La umeme fundi anatafuta betri ya gari na kigeuza umeme chenye nguvu ya kutosha. Ataanza Jumatatu ikiwa betri itapatikana.